Sifuri Moja ya Fundi

Fundi wa kompyuta alininyima nafasi kwenye seva, kompyuta kuu inayotunza mafaili yetu, kisha akanyamaza nilipoitwa mvivu mbele ya ofisi nzima. Kazi yangu ni kuskani mafaili ya wagonjwa wa zamani. Shule sikwenda, lakini mashine ya kuskani naijua, na taa yake ilikuwa ya kijani, ishara ya kazi kwenda sawa, wiki nzima. Ijumaa lori likaja kuchukua makaratasi niliyokwisha kuskani yakachomwe. Bosi akafungua folda yangu, akakuta mafaili yameishia Jumanne.

"Kumbe siku tatu ulikuwa unapiga soga, mama? Mvivu wewe!" akafoka mbele ya wote.

Maboksi mawili yalikuwa yameshapakiwa. Nilitoka mbio nikakalia la tatu.

"Hili mtalichoma na mimi," nikawaambia wapakiaji.

Fundi akaja na laptopu, akakaa kando yangu, akafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri. Majina yetu yakajipanga, kila moja na kikomo chake cha nafasi. Jina langu nalitambua, na namba pia. Wenzangu wote walikuwa na hamsini, mimi tano. Nafasi ilijaa Jumanne, na yote niliyoskani baadaye yalikataliwa na seva kimya kimya.

"Dada yangu, nilisahau sifuri moja tu," alininong'oneza huku akiandika hamsini. "Yaishe hapa hapa, bosi asisikie."

Maboksi yakashushwa, nikaskani upya hadi jioni. Bosi akampongeza fundi kwa kuokoa mafaili, naye akaitikia asante.

Sitaki samahani ya kunong'onezwa. Ninachomdai fundi ni kusimama mbele ya wale wale waliosikia nikiitwa mvivu, aseme mkono uliokosea ulikuwa wake.