Dada wa Nyundo

Mtaani kwetu hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa fundi wa kushona sare za shule, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, na sote tulimwita Dada wa Nyundo, hata wazee waliomzidi umri, hata watoto aliowapima mabega kila shule zilipokaribia kufunguliwa. Mwenyewe hakulalamika. Siku moja tu mteja mgeni alimuuliza, "Huyo Nyundo ndiye nani?" Alicheka mpaka akazitoa pini mdomoni, akamwambia, "Mama, leo umenipumzisha."

Nyundo alikuwa mdogo wake, mshambuliaji wa kati wa timu yetu. Mama yao alifariki mtoto akiwa bado ananyonya kidole. Baba yao akaondoka kwenda kutafuta kazi, mwisho akawa yeye ndiye anayetafutwa. Basi msichana akajifunza kushona kwa jirani, mdogo wake mgongoni, mguu kwenye pedali ya cherehani. Mtoto alizoea kulala kwa mlio ule. Cherehani ikinyamaza, anaamka analia.

Akakua, akarefuka, shingo kama nguzo ya geti. Tuseme ukweli: kwa miguu alikuwa wa kawaida tu. Mpira ukimfikia mguuni ulikuwa kama mgeni asiyejua choo kiko upande gani. Lakini mpira ukiwa juu, hapo ndipo alipokuwa mwenye nyumba. Krosi ikiinuliwa, utamwona amepaa, ameganda hewani kana kwamba kuna mtu amemshika ukosi. Mabeki wanapanda naye, wanashuka, wanamwacha hukohuko. Kisha unasikia *ko!* mpaka jukwaa la nyuma, na wavu unatikisika. Ndiyo asili ya jina.

Tulimpenda jamani. Seremala wa karibu na soko alisema kwamba tangu Nyundo aanze kufunga, hata kazi yake imepata heshima. Kinyozi alichora nyundo kisogoni mwa kila aliyetaka, na mmoja asiyetaka. Harusi zilisogezwa mbele kupisha mechi. Watu wawili waliokuwa hawasalimiani kwa sababu ya mpaka wa kiwanja walikutwa wamekumbatiana jukwaani, wakaachana aibu ilipowarudia. Kiongozi wa ushangiliaji alikuwa muuza nyama mmoja mnene tuliyemwita Tarumbeta, kwa sababu ya tarumbeta lake la shaba lililobonyea. Yeye akilipuliza, uwanja mzima unaitikia: "Inua mpira, Nyundo agonge! Inua mpira, Nyundo agonge!"

Dada mtu alikwenda uwanjani mara moja tu wakati ule. Tulimpa nafasi mbele, kiti chenye mto. Kipindi cha pili Nyundo alipanda kugombea kona, akagongana kichwa kwa kichwa na beki. Beki akatolewa kwa machela. Nyundo akakaa chini, akatazama majani kama mtu anayesoma. Walimfunga bendeji, akarudi, akayumba kidogo, na dakika za mwisho akafunga kwa kichwa kilekile. Bendeji ilikuwa nyekundu yote. Sijawahi kusikia kelele kama zile. Watu wazima walilia. Na Dada wa Nyundo alikuwa nyuma ya jukwaa, ameshika ukuta, anatapika.

Hakurudi tena. Siku za mechi alibaki nyumbani akishona, na kwa kuwa uwanja haukuwa mbali, kelele zilimfikia dirishani. Zikipanda, anasimamisha cherehani. Sisi tukicheza barabarani kwa furaha, yeye anasubiri mlango ufunguliwe amwone mdogo wake anaingia kwa miguu yake. Mara nyingi Nyundo aliingia kimya, akajilaza kwenye mkeka kando ya cherehani, kitambaa cha maji usoni.

"Dada, zima redio."

"Redio haijawashwa, mdogo wangu."

Na hizo zilikuwa mechi tu. Siku za mazoezi kocha alimrushia mipira ya vichwa asubuhi nzima, na sisi wenye nafasi tulikwenda kutazama hata hayo, tukihesabu kwa sauti. Jioni moja dada yake alimwambia, "Kichwa ni chako, lakini mimi ndiye niliyekiogesha. Nakuomba ukipumzishe."

Akamjibu, "Dada, watu wanakipenda."

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu alivyosifiwa ndivyo alivyozidi kukitoa kichwa.

Alistaafu akiwa na heshima zake zote. Hakuoa. Alikuwa akisema bado anachagua, na mtaa mzima ukawa unamchagulia. Timu ikampa kazi ya kuwafundisha vijana. Alipoanza kusahau majina hatukujua, maana toka zamani alimwita kila mtu "bingwa". Halafu dada yake akamtuma uzi wa bluu dukani, akarudi mikono mitupu, akasimama mlangoni kwa jirani akigombana na ufunguo kwa nini haufungui. Tukacheka. Tukasema Nyundo ana vituko. Alipokuja msibani amevaa viatu vya mpira, bado tulicheka, ingawa si kwa sauti. Kisha Dada wa Nyundo akaonekana na jicho limevimba, akasema amejigonga kwenye mlango. Baadaye sana ndipo alipomweleza mke wangu kwamba mdogo wake alimkuta jikoni, akadhani ni mwizi.

Akampeleka hospitali. Daktari alikuwa kijana mpole, aliyekua akisikia sifa za Nyundo kwa baba yake. Aliitundika picha ya ubongo mbele ya taa, akaigusa kwa kidole.

"Ubongo umepungua, Dada. Hapa, na hapa."

"Kama kitambaa kilichorudi baada ya kufuliwa," alisema yeye.

"Ndiyo. Na hiki hakinyooshwi tena."

"Ni ile mipira?"

Daktari alizima taa. "Siwezi kukuapia. Lakini wachezaji waliopiga vichwa miaka mingi, wengine wanatujia hivi."

Hakumwambia mtu. Alibadilisha kitasa, akaficha mikasi, akashonea anwani ya nyumba ndani ya ukosi wa kila shati la mdogo wake, akaendelea na sare za watu.

Ulipofika mwaka wa sherehe ya kuanzishwa kwa timu, viongozi walimfuata wakiwa na Tarumbeta. Walitaka Nyundo aonekane uwanjani. Dada mtu alikataa. Tarumbeta akambembeleza: "Mtoe, Dada. Watu wamemkumbuka. Hata dakika tano tu apungiwe mikono, utapungukiwa na nini?" Mwisho akakubali, nadhani kwa sababu yeye mwenyewe alitamani kumwona mdogo wake akiwa na furaha.

Alimshonea suti ya kijivu. Walipoingia uwanjani wameshikana mikono, watu wote walisimama. Tarumbeta likalia, ule wimbo ukaanza, na Nyundo akanyooka mgongo. Uso wake ulifunguka. Alipunga mkono kule kulikokuwa na jukwaa letu la zamani, bila kuonyeshwa. Dada yake alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja, na sisi tulisema, mnaona? Mzima kabisa.

Ndipo mtangazaji akasema: "Na sasa, mabibi na mabwana, kichwa cha mwisho!"

Hilo dada mtu hakuwa ameambiwa. Winga wa zamani, aliyempa Nyundo krosi nyingi kuliko mtu yeyote, alitokea na mpira mpya. Alitaka tu kuurusha taratibu. Nyundo alipouona, akaachia mkono wa dada yake. Kidevu kikapanda, magoti yakakunjika. Mwili ulikuwa haujasahau. Uwanja ukawa unaimba: inua mpira, Nyundo agonge.

Dada wa Nyundo aliuvuka mstari mweupe na viatu vyake vya kanisani, akampokonya winga mpira mikononi, akaukumbatia tumboni.

Kwanza watu walicheka. Kisha wakaanza kuzomea. "Mtoeni huyo mama!" "Anatunyima nini?" Angeeleza, nani angemsikia? Alisimama palepale na mpira wake, na Nyundo, akiona watu wamekasirika na asijue amekosa nini, akaanza kulia kama mtoto aliyepotea sokoni. Walitolewa kwa mlango wa nyuma.

Kesho yake Tarumbeta alikwenda kwao amefura. Nilikuwepo, nilikuwa nimepeleka suruali ya mwanangu ikatwe pindo.

"Dada, umetuaibisha," alianza hata kabla hajakaribishwa. "Mbele ya wageni! Mtu ameitoa roho yake kwa timu hii, unamzuia kuagana nasi?"

"Kaa kwanza, kaka."

Alikaa. Nyundo alikuwa mezani, taulo shingoni, dada yake akimlisha uji kwa kijiko. Tarumbeta alimtazama kijiko cha kwanza, cha pili. Hasira ikawa inatafuta mahali pa kukaa.

"Nyundo," akasema. "Bingwa. Ni mimi."

Nyundo akampa mkono kwa adabu. "Karibu bwana. Umefuata nguo? Dada bado hajamaliza, ana kazi nyingi. Pita kesho."

Hapo Dada wa Nyundo aliweka kijiko chini, akamweleza yote aliyosema daktari, polepole, bila kupandisha sauti. Tarumbeta aliinamia mikono yake minene.

"Kwa hiyo sisi tulipokuwa tunaimba vile..."

"Mlikuwa mnampenda. Sijasema hamkumpenda."

Kisha yule mtu mnene akasema, "Dada, mwaka ule niliomzika binti yangu, sikuwa nikila. Mke wangu alinibembeleza mpaka akachoka. Wakanivuta uwanjani kwa nguvu, mdogo wako akafunga kwa kichwa, nikajikuta nimesimama napiga kelele. Jioni ile nikala. Sasa hilo nilifanyeje? Nilitupe?"

"Sijui, kaka," alijibu. "Na mimi hili paa limeezekwa kwa vichwa hivyohivyo. Ungekuwa na jibu ungenipa."

Tangu siku hiyo, Tarumbeta akimaliza kukata nyama za asubuhi alikuja kumwogesha Nyundo, maana dada mtu alikuwa hana tena nguvu za kumwinua. Alimsugua mgongo, akamkata kucha, akamnyoa. Walizungumza kama wateja wawili wanaosubiri zamu kwa fundi. Kuna siku Tarumbeta alishindwa kujizuia, akamsimulia lile goli la bendeji tangu kona ilipopigwa. Nyundo alisikiliza kwa makini mpaka mwisho.

"Na huyo mtu," akauliza, "aliumia?"

Tarumbeta alitoka nje, akakaa kwenye ngazi muda mrefu.

Mwisho mwisho Nyundo alikuwa akimwita dada yake Mama. Mwanzoni dada mtu alimsahihisha. "Mimi ni dada yako, Mama hayupo." Lakini kila akisahihishwa alipata msiba upya, akalia upya, basi dada akaacha. Nyundo alikuwa akisimama kando ya cherehani, mtu mzima mwenye mvi, amekunja mikono nyuma.

"Mama, wenzangu wananiita. Nikacheze?"

"Nenda baba. Usikawie."

Akawa ametulia. Anakwenda mpaka dirishani, anarudi, anakaa.

Alifariki mchana mmoja wa mvua, dada yake akipiga pasi marinda ya sketi chumba kilekile. Alidhani amesinzia. Alimaliza sketi ile na nyingine ndipo akamfunika miguu, akaona ni baridi.

Wanasema kilio huanza mfiwa, wa mbali wakaingia. Kwa Nyundo tulianza sisi wa mbali. Kabla dada mtu hajaosha uso, mtaa ulikuwa umejaa jezi, watu wanalia kwa sauti, viongozi wanapanga hotuba sebuleni kwake. Wakasema jeneza lazima lipite uwanjani. Aliyaitikia yote. Pale uwanjani walimwomba Tarumbeta alipulize kwa mara ya mwisho. Aliliweka mdomoni, mashavu yakajaa, sauti haikutoka. Akajaribu tena. Basi watu wakaimba bila tarumbeta, na wimbo ulikuwa uleule, wa kuinua mpira, wengine wakirukaruka kama siku za fainali. Dada wa Nyundo alikaa mbele ya gari lililobeba jeneza, ameziba masikio kwa viganja vyote viwili. Sisi tuliokuwa karibu tulifikiri ni uchungu tu.

Miezi ilipita. Timu ikatangaza kwamba uwanja wa watoto utaitwa kwa jina la Nyundo. Jumamosi moja Dada wa Nyundo alifunga kazi mapema, akaenda huko. Watoto wadogo walikuwa wamepanga mstari, kocha wao anawarushia mpira mmoja mmoja, wanapiga kichwa, wanarudi nyuma ya mstari. Alimngoja mpaka wakapumzika.

"Mwanangu, hawa bado wadogo. Wafundishe miguu kwanza."

Kocha alimheshimu, akavua kofia. "Mama, nakuelewa, na pole kwa yaliyokupata. Lakini wazazi wao ndio wanaotaka. Kila mmoja ananiambia, nitengenezee Nyundo."

Akamshukuru, akaondoka. Lakini Jumamosi iliyofuata alirudi, na nyingine pia. Alisimama getini, na kila mzazi aliyeleta mtoto alimsalimu, akamweleza, kwa sauti ileile ya chini. Wengine walimsikiliza wakitazama saa. Wengine walisema msiba umemgusa akili, masikini, wakampa pole na kupita. Tarumbeta alisimama naye alipoweza, na kwa kuwa alikuwa hodari wa kelele tu, hakujua aongee vipi na mtu mmoja mmoja. Wazazi watatu waliwahamisha watoto wao. Waliobaki ni wengi.

Bado anakwenda. Kuna siku ya jua kali nilimpelekea kiti, akakikataa, akasema akikaa watu hawamwoni.