Mgonga Magurudumu

Baba mkwe hanywi kitu mpaka akigonge chombo kwanza. Tangu kwao hadi huku ugenini, kazi yake relini ilikuwa kugonga magurudumu ya treni kwa nyundo na kusikiliza kama chuma kina ufa. Sasa amestaafu, anagonga vikombe, sufuria, hata beseni la kuogeshea mtoto. Hugonga kwa ukucha, akainamisha kichwa kushoto, akafumba jicho moja, kisha akatoa hukumu: "Kizima," au, "Kina ufa." Mkamwana wake humtania, "Baba, na mimi nigonge basi," naye hucheka mpaka akakohoa. Mke wake wa kwanza na mwanawe wa kiume, mwenyewe husema, homa iliwamaliza huko kwao, ndipo akapanda treni kuja huku.

Jumamosi alikuja mwanamume wa makamo, vumbi mpaka kwenye nyusi, akiulizia mzee wa reli. Mkamwana, mtoto mgongoni, akampa maji. Mgeni akakigonga kikombe kwa ukucha, akainamisha kichwa kushoto, akafumba jicho moja. Mkamwana akamkazia macho.

"Nani kakufundisha hivyo, kaka?"

"Baba, kabla hajasafiri. Mama mpaka leo anamwekea sahani yake mezani."

Mama mkwe, aliyekuwa akimenya viazi kando, kisu kikamponyoka. Akamgeukia mumewe, aliyekuwa amesimama mlangoni. "Baba watoto, si ulisema walikufa?"

Mzee alikichukua kikombe mkononi mwa mgeni, akakigonga, akasikiliza, akakigonga tena. Wote wakangoja hukumu.