Swali Nililokataa Kulijibu Wanavyotaka

Leseni yangu ya udalali wa nyumba ilipokaribia kwisha, niliambiwa haitafanywa upya mpaka nihudhurie mafunzo na kufanya mtihani. Nilikuwa na miaka hamsini na nane. Mdogo wangu, ninayeshirikiana naye ofisi yetu ya mtaa wa Azaiba, akacheka.

"Dada, utakaa darasani na vijana? Pumzika. Leseni tuandikishe jina langu."

"Nna macho, nna akili," nikamwambia. "Nitasoma mwenyewe."

Darasa lilikuwa mtaa wa Al Khuwair, ghorofa ya tatu, kiyoyozi kinatoboa mifupa. Mwanamke nilikuwa peke yangu. Siku mbili za mwanzo nilijifunza mengi, sikatai. Mikataba niliyokuwa nikiiandika kwa mazoea ilikuwa na makosa. Siku ya tatu mwalimu, kijana mwenye kanzu ya dishdasha iliyonyooka kwa pasi, akasema kwa Kiarabu kwamba dalali hujibu anachoulizwa tu.

Nikanyanyua mkono. "Na kama nyumba imo kwenye njia ya wadi, maji ya mvua yanapopita?"

"Mteja akiuliza, mwambie."

"Asipouliza?"

"Shauri yake, khala," akanambia, kama anayemwita mama yake mdogo.

Wenzangu wakacheka. Mimi nikasimama, nikawaeleza jambo ambalo hata mdogo wangu sikuwahi kumwambia.

Zamani nilimuuzia mjane mmoja nyumba. Jirani alishanambia kuwa mvua kubwa ikinyesha, maji ya wadi huingia mle ndani. Mjane hakuuliza, nami nikanyamaza. Mvua ikaja. Nilipokwenda kumtazama nilimkuta anakamua mazulia, tope limeacha alama ukutani usawa wa kifua.

"Ulikuwa unajua?" akaniuliza.

Nikasema ndiyo. Hakunitukana. Alinifungulia mlango tu, nitoke.

Mwalimu akafunua ukurasa. "Mtihani unafuata kitabu, khala."

Na kweli, siku ya mtihani swali hilo lilikuwemo. Jibu walilolitaka nilikuwa nalijua. Nikayakata majibu yote manne, pembeni nikaandika: *Atasema hata asipoulizwa.* Nikafeli kwa alama moja.

Mdogo wangu alishika kichwa. "Alama moja, dada! Si uwaandikie wanachotaka?"

"Siandiki."

Nikasoma wiki nzima, miwani puani, mpaka kitabu kikalegea mgongo. Mara ya pili swali lilikuwa lile lile, na jibu langu lile lile. Mengine yote nikayapata. Mwalimu akanita mezani kwake.

"Khala, hili umelikosa tena."

"Sikulikosa. Kirekebisheni kitabu."

Akatia saini cheti changu.

Wiki ile ile nilipopata leseni alikuja mtu mwenye jumba kubwa la kuuza. Sharti lake lilikuwa nisiutaje ufa wa ukuta wa nyuma. Nikamrudishia funguo zake mkononi. Mdogo wangu hakusema nami siku mbili, na mimi sikumbembeleza.