Nguzo za Fuko

Mchimbaji mmoja wa makaa ya mawe, ambaye wenzake walimwita Fuko, alilikodolea macho shamba la dada yake. Kila msimu wa kulima alisogeza ua wa mpaka kidogo, mwishowe akajenga pale nyumba ya kupangisha.

“Kaka, tamaa mbele, mauti nyuma,” dada yake alimwonya.

“Methali hazilipi kodi, dada.”

Mgodini, wachimbaji huacha nguzo za makaa zishikilie paa. Fuko alizikata kwa uchu wa malipo ya ziada, asijiulize juu ya paa hilo kuna nini. Kulikuwa na ile nyumba. Mvua ziliponyesha ardhi ilititia, nyumba ikazama hadi madirishani.

“Haya, chukua shamba lako,” Fuko alisema.

“Shimo ni lako, kaka. Mimi nirudishie palipobaki.”

Fuko aling'oa ua kwa mikono yake mwenyewe.