Mpunga kwa Mpunga

Hakimu alimuuliza Odilia mara mbili, maana jibu la kwanza lilimshangaza.

"Mama, unataka ulipwe fedha au mpunga?"

"Mpunga, mheshimiwa. Mpunga kwa mpunga."

Ilikuwa Novemba, mwaka 1995, katika mahakama ya mwanzo. Kizimbani alisimama William, mtoto wa Rosa, na Rosa ni mdogo wake Odilia wa tumbo moja. Mwezi Agosti Odilia alilazwa hospitali Ifakara wiki tano, ufunguo wa ghala akamwachia William. Aliporudi nyumbani Michenga alikuta sakafu ya ghala imefagiliwa. Magunia sita yalikuwa yameuzwa kwa wachuuzi waliopanda treni Mlimba, na hata kapu la mbegu lililoning'inia juu ya jiko, lipate moshi wa kufukuza wadudu, lilikuwa limeondoka.

Hakimu akaamuru magunia sita yalipwe ndani ya siku thelathini, la sivyo William aende jela mwaka mmoja.

Walipotoka nje, kaka yao Egidius alimsogelea Odilia, akasema kwa sauti ya chini, "Umeridhika? Umetuvua nguo mbele ya makarani."

"Aliyetuvua ni aliyeiba. Mimi nimetaka ijulikane kwamba nyumba ya katekista haifichi mwizi."

"Basi ungechukua pesa. Yule mtoto ana baiskeli, angeuza."

"Ili waseme nimemuuza mtoto wa mdogo wangu? Pesa ya namna hiyo siishiki, kaka."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Baba yao alikuwa katekista, na Odilia alimaliza darasa la nane wakati wenzake waliolewa wakiwa darasa la nne. Miaka kumi na miwili alifundisha elimu ya watu wazima, akawashika mikono wazee wa kijiji mpaka wakaweza kuandika majina yao. Mume wake, Kassian, alikuwa fundi seremala. Tangu afariki, Odilia hakukopa hata kibaba cha chumvi. Aliona jina jema ni kama shuka jeupe. Likichafuka, unalifua hadharani, watu waone sabuni.

Lakini mwalimu huyu alisahau jambo ambalo kila mwanafunzi wake alilijua. Mwezi wa Novemba ghala za bondeni huwa tupu. Mpunga wa kula umekwisha, watu wanaishi kwa mihogo na samaki, na mpunga uliobaki ni ule usioguswa hata mtoto akilia: mbegu.

Siku ya ishirini na sita Egidius alifika na mkokoteni. Hakukubali kiti.

"Hesabu."

"Nimeshaona ni sita, kaka. Karibu hata maji."

"Hesabu, halafu utie sahihi. Wewe si ndiye msomi wetu?"

Akatia sahihi.

Alipobaki peke yake alitandika mkeka, akafungua gunia la kwanza ili auanike mpunga. Ulimwagika tabaka kwa tabaka, kila debe na aina yake: mwekundu, mweupe, ule mfupi unaowahi kuiva, ule wa mabondeni unaochelewa. Odilia aliinama akautazama, na taratibu akaanza kuzitambua nyumba. Ule mwekundu ulikuwa wa shangazi Fausta, kizee asiye na mtu wa kumlimia. Mfupi ulikuwa wa Egidius mwenyewe. Ukoo mzima ulikuwa umekung'uta makapu ya mbegu ili William asiende jela.

Chini kabisa katika gunia la tano ulitoka mpunga mrefu wenye ncha nyeusi. Huo ulikuwa mpunga wa mama yao, Verediana. Kila binti alipoolewa, mama alimpa kapu moja la mbegu hiyo, akamwambia asiichanganye na nyingine. Waliokuwa bado nayo kijijini ni wawili tu, Odilia na Rosa. Ya Odilia ilikuwa imeuzwa.

Aliukusanya wote, likajaa debe. Akajitwika, akaenda.

Rosa alikuwa uani anamenya mihogo. Hakuinuka.

"Nimekuletea mbegu yako," Odilia alisema.

"Sina mbegu mimi. Hiyo ni yako, mahakama imesema."

"Rosa, mvua hiyo inakuja. Utapanda nini?"

"Karatasi inasema magunia sita. Likipungua debe, watasema mwanangu hajamaliza, watamfuata."

"Nitaandika kwamba nimepokea yote."

"Umeandika vya kutosha, dada." Rosa aliendelea kumenya. "Ulipotuita mahakamani nilikuja. Uliposema mpunga, nilidhani utamwambia hakimu asubiri mavuno. Nikakutazama. Wewe ulikuwa unamtazama hakimu tu."

Odilia alisimama pale mpaka shingo ikauma. Akaomba Rosa achukue nusu. Akaomba achukue robo. Mwishowe Rosa aliingia ndani, akarudisha mlango.

Mvua ilinyesha vizuri mwaka ule. Egidius na shangazi Fausta walipata mbegu kwa jamaa wa Mkula, wakapanda wakiwa wamechelewa. Shamba la Rosa, linalopakana na la Odilia, halikupandwa, likaota magugu mpaka kiunoni, na William akaondoka bila kuaga.

Aprili, wakati wa palizi, vibarua walipita asubuhi kwenye tuta wakiwa na majembe, wakienda kupalilia mashamba ya watu. Odilia alikuwa ameinama katikati ya mpunga wa mama yake, umemfika magotini. Mmoja wa wale vibarua alimwona, akatua jembe kidogo, akapiga goti kama anavyofanya mtu mbele ya mkubwa asiyemjua.

"Shikamoo, mama," alisema Rosa.

"Marahaba," Odilia akaitikia, na kabla hajapata neno lingine wale vibarua wengine walikwisha kutangulia, na Rosa akaharakisha kuwafuata.