Kadi ya Sanduku la Joto

Ndugu Watanzania, wazazi, walezi, wahisani na nyote mliolipia intaneti kafe ili msome hapa.

Natangaza rasmi kwamba mimi, Bariki, kidato cha tano, mchepuo wa PCM, ndiye mhandisi wa tiba mdogo kuliko wote kanda ya kaskazini. Mashine niliyoifanyia hesabu ipo Ngarenaro, na imekwisha kuokoa maisha zaidi ya mia moja.

Maisha ya vifaranga. Kuku wa nyama.

Ilitengenezwa kwa ajili ya watoto wa binadamu.

Juni ya mwaka huu, 2006, nilirudishwa nyumbani wiki moja kabla ya likizo. Kosa dogo tu. Niliandika barua ya mkaguzi wa wizara anayekuja Ijumaa, mhuri nikauchonga kwenye kiazi. Shule nzima ilipaka mawe chokaa siku tatu, na mkuu wa shule akashinda getini na suti.

Baba hakunichapa. Alinipeleka Ngarenaro kwa Mzee Lomayani, akamwambia huyu ana akili nyingi zisizo na kazi, mpe kazi.

Mzee Lomayani alikuwa fundi mitambo wa kiwanda mpaka kilipobinafsishwa na mwekezaji akaja na mafundi wake. Tangu hapo anatengeneza mizani na vichemshio vya zahanati za watu binafsi.

Nilimkuta na sanduku. Plaiwudi, kioo juu, balbu nne chini. La kutunzia watoto njiti.

Mwaka jana binti yake, Agnela, alijifungua mtoto wa miezi saba kwenye zahanati moja huko juu Olmotonyi. Umeme ulikatika, mtoto akafa kwa baridi. Sasa Agnela alikuwa na mimba nyingine, na tumbo lilikuwa limeanza kumsumbua vilevile.

Kwa hiyo mzee hakuwa na muda na utani wangu.

Shida ilikuwa mgao. Umeme ukikatika balbu zinazima, na nesi lazima aweke chupa za maji ya moto kabla joto halijashuka hadi nyuzi thelathini na moja. Lakini nesi ni mmoja, Sista Naeku, na kipimajoto cha zahanati kinakaa kwenye friji la chanjo. Alichohitaji ni kadi ukutani: nje kukiwa na baridi kiasi hiki, una dakika kadhaa.

Nikajishaua kwamba kuna kanuni ya mkato. Mzee akasema ya darasani ipo, ila mbao inapoa kivyake, kioo kivyake, godoro kivyake.

"Tutatembea dakika moja moja," akasema.

Ndani thelathini na tano, nje kumi na mbili, tofauti ishirini na tatu. Kutoka kwenye tofauti hiyo unapata joto litakalopotea dakika ya kwanza. Unalitoa. Jibu lako ndilo mwanzo wa dakika ya pili. Hivyo hivyo mistari mia na ishirini, halafu unaanza ukurasa wa baridi nyingine. Kurasa saba, kwa kikokotoo na penseli.

"Ukikosea mstari wa tatu, yote yanayofuata ni uongo. Usiruke."

Alinipa wiki. Nilimaliza siku mbili. Akanipa mkono kama mtu mzima, na siku zilizobaki nikacheza pool na mshkaji wangu Selemani.

Kadi ikaandikwa, sanduku likapelekwa Olmotonyi. Nje nyuzi kumi na mbili: dakika ishirini na tatu.

Agnela akajifungua kabla ya wakati, mtoto wa kike, kilo moja na robo. Siku ya tatu, saa nane mchana, ukungu umekaa juu ya bati, umeme ukakatika. Sista Naeku akatazama saa, akatazama kadi, akaenda kumzalisha mama mwingine. Alirudi dakika ya ishirini, mapema kuliko alivyoambiwa.

Mtoto alikuwa wa baridi. Midomo ya zambarau, halii.

Alimtoa akamfunga kifuani kwa Agnela, ngozi kwa ngozi, mablanketi matatu juu. Ilichukua saa mbili mpaka akalia.

Daktari mwenye zahanati akamwita mzee. Nilikuwepo, nimebeba begi la spana. Akasema hataki tena kuona sanduku la fundi wa mtaani mle ndani.

"Hesabu ni yangu, daktari," mzee akasema. "Nimekosea mahali."

Agnela hakumwamkia baba yake. Tukaondoka na sanduku.

Wiki mbili mzee alitafuta tundu linalopitisha baridi. Alilipaka gundi upya mara tatu. Mimi nilimshikia tochi.

Mwishowe sanduku akampa jirani, Mama Rukaiya, mfuga kuku, pamoja na kadi yake.

Siku ya tano Mama Rukaiya akaja na ndoo. Ndani yake vifaranga kumi na tisa, wamekufa.

"Lomayani, kadi yako inaniulia kuku. Jana nimekaa pale na kipimajoto. Kwa baridi ya huku kwetu wewe umeandika dakika ishirini na nane, mwenzako nimeona kumi na mbili."

Mzee alichukua daftari langu, akakaa na penseli. Alifanya mistari kumi na miwili, hakuhitaji zaidi. Akanigeuzia daftari.

"Dakika ya kwanza umepoteza joto kiasi hiki. Dakika ya mia, kiasi hiki hiki. Kitu gani duniani kinapoa hivyo, Bariki?"

Nikatazama ndoo.

"Ulihesabu au uliandika?"

Jamani. Wanaosoma sayansi bweni wananielewa. Kwenye praktiko tunapika. Unachora mstari kwanza kwa rula, vipimo unavisoma kwenye mstari. Mwalimu anataka grafu nzuri, unampa grafu nzuri. Mzee alikuwa amepima mwenyewe mwanzo na mwisho, thelathini na tano, na kumi na nne baada ya saa mbili. Mimi niliweka rula katikati. Kurasa nyingine nikakisia kwa mtindo huo huo.

Kumbe joto linakimbia mwanzoni, mwishoni ndipo linajikongoja. Rula haijui hilo.

"Niliandika," nikasema.

Hakunipiga. Alimngoja Mama Rukaiya ainue ndoo yake aondoke.

"Nimelipaka gundi mara tatu," akasema.

Kisha akaniambia habari za Sista Naeku. Jumapili walizaliwa mapacha Olmotonyi, miezi saba. Sista aliomba sanduku lirudishwe, daktari akakataa. Amebaki pacha mmoja.

Nilihesabu upya mistari yote mia nane na arobaini. Siku tisa. Nyuzi kumi na mbili: dakika tisa.

Nikaipeleka kadi kwa daktari, nikamwambia kosa halikuwa la mzee, lilikuwa langu. Hakuipokea. Alisema hata ile ya kwanza ilikuwa na mwandiko mzuri.

Agnela naye nilimwambia. Alimgeuza mtoto upande wa pili, nisimwone.

Mnasema kila simulizi iwe na funzo. Haya. Mkaguzi wangu wa uongo alifanya mawe yapakwe chokaa, na hakuna jiwe lililodhurika. Nilidhani kila uongo uko hivyo.

Kadi sahihi ipo. Imebandikwa ukutani kwa Mama Rukaiya, juu ya vifaranga.