Gari Lililomkataa Bi Mwanamwema

Asubuhi, Mtoni. Mcha Khatib anaingia kiti cha nyuma cha gari la mteja, anafunga mlango na kumwambia mwenye gari aendeshe mwenyewe. Boneti hajafungua. Hata spana hajashika.

"Fundi, si uendeshe wewe?" anauliza Radhiya, mwenye gari.

"Mie nkiendesha litakuwa zima. Twende."

Kiti cha mbele, kushoto kwa Radhiya, amekaa mama yake, Bi Mwanamwema, aliyepindukia miaka sabini. Ameukumbatia mkoba wake kama abiria anayetarajia kushushwa njiani.

Mcha, mwenye miaka hamsini na mbili, ni fundi wa gari za otomatiki. Gereji yake ni mabati juu ya nguzo, na nyuma yake pana gari jeupe lililopandishwa juu ya matofali. Wengi wamelitaka hilo gari jeupe. Ukimuuliza bei, anakuuliza habari za nyumbani.

Gari la Radhiya lina zaidi ya miaka ishirini, na ugonjwa wake ni kusitasita. Likipanda mlima wa Kidichi, ambako mama na binti wanaishi, linaingia gia ya nne, linarudi ya tatu, linaingia ya nne tena, na kila likibadili linamtikisa aliyemo. Mafundi wawili walilijaribu wakalikuta zima. Wa tatu hata hakulijaribu. Alisema gia boksi imekwisha, inunuliwe nyengine ya mtumba. Kusema gia boksi imekwisha hakuhitaji ufundi. Hata mwandishi wa makala haya angeweza.

Lililoumiza zaidi ni jengine. Gari lilisitasita pale tu Bi Mwanamwema alipokuwemo. Radhiya akiwa peke yake, lilipanda bila neno. Mama akaliona hilo, akaligeuza kichwani, akatoa hukumu: nuksi ni yeye. Tangu siku hiyo hakupanda tena, na kliniki ya nyonga mjini akaiacha.

"Nliwaambia wasihangaike," anasema. "Gari limeshanikataa. Mtu akishakuwa mzigo, hata chuma kinajua."

Radhiya hafichi uchungu wake. "Alikuwa anatembea kwa mkongojo. Sasa anashika ukuta. Nimemlilia, nimemgombeza, hasikii. Ati ntaharibikiwa na gari kwa ajili yake."

Mcha naye alilijaribu peke yake mwanzoni, na naye hakuona kitu. Lakini badala ya kurudisha ufunguo aliuliza swali ambalo wenzake hawakuuliza: likisita, ndani huwemo nani? Alipojibiwa, siku moja kabla ya safari hii, alifunga gereji akaenda Kidichi.

"Shikamoo, bibi. Nnakuhitaji kazini."

"Marahaba, mwanangu. Kazi gani, na nyonga hii?"

"Ya kukaa tu."

Bi Mwanamwema akacheka, kwa mara ya kwanza tangu aache kliniki, anasema binti yake. "Hiyo nnaiweza," akajibu.

Ndiyo namna ya Mcha ya kufanya kazi. "Watu husema mgonjwa haulizwi uji," anaeleza. "Sawa, lakini panapouma huulizwa. Gari halina mdomo, basi nnawauliza wanaolipanda."

Wanapita Bububu, wanakata kulia. Mlima unaanza. Mcha ameingiza kichwa katikati ya viti viwili, na haangalii njia wala dashibodi. Anaangalia mguu wa Radhiya.

"Linakuja hilo," anasema Bi Mwanamwema.

Gari linatikisika.

"Na tena."

Linatikisika tena.

"Nyonga yangu inajua kabla yenu," anasema, na sauti yake si ya kujisifu. "Haya, mmeshaona. Nirudisheni nyumbani."

"Bado, bibi. Radhiya, hebu kanyaga kama uko peke yako."

"Na mama je?"

"Kanyaga, mwanangu," anasema mama mwenyewe. "Nshazeeka, niogope nini?"

Radhiya anakanyaga. Gari linanguruma, linapanda mlima wote bila kutikisika hata kidogo. Wanafika juu.

"Lo!" anasema Bi Mwanamwema. "Na mie nimo!"

Wakirudi gereji, Mcha anafungua boneti na kutoa kijisensa, kifaa kidogo kinachoiarifu gia boksi mafuta yamekanyagwa kiasi gani. Anakiunganisha na mita yake ya zamani ya kupimia umeme, ya mshale, anakizungusha taratibu kwa kidole. Mshale unapanda vizuri, kisha mahali pamoja unarukaruka, kisha unaendelea kupanda vizuri.

"Pamelika hapa," anasema. "Hapa ndipo mguu unapokaa akiwa na wewe, bibi. Miaka yote anakuendesha mwendo mmoja, mguu hauinuki wala haushuki, nyonga isije ikauma. Gia boksi haijui ishike lipi: mara inaambiwa umekanyaga, mara umeachia. Sisi mafundi tunakanyaga kwa nguvu, tunapapita, hatupaoni."

Anafuta mikono kwa tambara.

"Si nuksi yako. Ni huyu mwanao anavyokuchunga."

Bi Mwanamwema anatoa leso mkobani, anafuta macho, kisha anamgeukia binti yake na kumgombeza kwa kuendesha kama aliyepakia mayai. Radhiya anacheka huku analia. Kliniki ni Jumatatu, na safari hii hakuna anayebishana.

Sensa nyengine ilipatikana mjini, ya mtumba, na kazi ikaisha kabla ya adhuhuri. Kwa Mcha wiki nzuri huleta kama shilingi laki moja na nusu; mbaya huleta wateja wa kupiga soga.

Wateja wakishaondoka, mwandishi anamuuliza tena kuhusu gari jeupe. Safari hii Mcha haulizi habari za nyumbani. Amelitenga kwa ajili ya mama yake, anasema, Bi Sichana, aliyeko kisiwani Tumbatu na mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Kila akimwita mjini kutibiwa, jibu ni lile lile: hataki kuwa mzigo kwa watu.

"Nlikuwa nnadhani hataki kuja," anasema Mcha. "Leo nimemwona Bi Mwanamwema, nimefahamu."

Anataka gari liwe barabarani kabla ya Ramadhani. Atalipeleka mwenyewe Mkokotoni, amngoje mama pale anaposhukia akivuka kwa mashua, amweke kiti cha mbele.

Na atamwendesha vipi?

"Polepole," anajibu. "Mwendo mmoja, mpaka mjini."

Lakini sensa si italika?

Mcha analitazama gari jeupe juu ya matofali yake.

"Ilike tu," anasema. "Sensa zinauzwa."